Tabaka Lenye Maji

Nakumbuka asubuhi moja pale Msambweni, mwaka ule bendera yetu ilipopandishwa. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, mwanangu, homa imekupanda na midomo imekukauka. Leo umerudi kutoka skuli ukaniuliza sisi ni tabaka gani. Nimekasirika, lakini si nawe. Kaa hapa nikueleze.

Neno hilo nililisoma sekondari. Mwalimu alichora ardhi ubaoni: udongo juu, mchanga chini yake, kisha jiwe, kila moja tabaka lake. Kisimani ndiko nilikojua kwamba watu nao hupangwa hivyo. Wenye shamba walikuwa wakiteka kwanza; sisi tuliokaa kwenye ardhi yao tulingoja, hata kama tumewatangulia kufika. Siku ile kisima kilikuwa kimejaa mchanga, ndoo zinapanda na matope. Nikamwomba Bi Mkubwa, mke wa mwenye shamba, anipishe nipate walau kata moja ya mtoto. Akasema bila kunitazama, "Kusoma kwako hakujakutoa tabaka la chini. Ngoja."

Nikainua ndoo nimpige. Nyanya yangu akanishika mkono.

"Hasira hasara, mjukuu wangu. Unajua desturi: anayeshuka kufukua kisima ndiye anayesema nani ateke. Wanaume wako Majoreni wanavua. Nguvu hizo za kupigia mtu, shuka nazo."

Nikakuacha kwake, nikajifunga leso kiunoni, nikashuka kwa kamba. Wanawake wakacheka, eti mwanafunzi amekwenda kumtafuta mwalimu wake. Nikaupita udongo mwekundu, mkavu. Nikaupita mchanga, mkavu vilevile. Chini kabisa ukuta ukawa jiwe la matumbawe, makombe ya kale ya baharini yamegandia ndani yake. Nikafukua, wenzangu wakivuta ndoo za mchanga juu, mpaka jiwe likaanza kutoa maji miguuni mwangu, baridi na matamu.

Nilipopandishwa hakuna aliyecheka. Nyanya akakunywesha, ukafumbua macho. Ndipo nikamgeukia Bi Mkubwa nikamwambia yeye atateka wa mwisho.

Nyanya akanikemea mbele ya watu. "Umeshuka kote huko, ukarudi na kiburi chake? Aliyetangulia kufika, atangulie kuteka."

Nikaona haya. Kamba nikampa aliyefika mwanzo, mjane wa jirani yetu. Bi Mkubwa akangoja zamu yake, nami yangu. Hivyo ndivyo tutekavyo mpaka leo.

Mwanangu, mawe yalipangwa na Muumba. Watu hupangwa na watu, na alichopanga mtu, mtu hukipangua. Anayekuuliza tabaka lako, mwambie mama yako amelifikia la chini kabisa, na ndilo lenye maji. Lakini siku kamba ikiwa mkononi mwako, usimkaushe mwenzio koo, hata aliyekukausha wewe.

Mola akupe kifua cha kuhimili maneno, na mkono mwepesi wa kumtekea mwenye kiu. Amin.