Kiti Kilichoshonewa Kwenye Foleni

Miaka ishirini na tisa Gwakisa amekuwa akivivua viti vya magari nguo za zamani na kuvivika mpya, na ukimuuliza amechoka wapi atakuonyesha kwa kidole. Hapa kiunoni. Hapa begani. Na hapa kwenye dole gumba la kulia, ambalo asubuhi halikunjiki mpaka alitumbukize kwenye maji ya moto. Macho hatayataja. Macho ndiyo yaliyokuwa siri yake, na aliilinda kuliko alivyolinda banda.

Banda lenyewe liko Mpemba, pembeni mwa barabara kuu, mabati sita juu ya nguzo zilizoinama kidogo kama mwenye banda. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yakikwama mpakani, foleni hurudi nyuma kilomita baada ya kilomita mpaka inampita mlangoni. Wengine huilaani foleni. Gwakisa imemlisha, imemsomeshea binti yake Tumaini, na imemzuia kurudi kwao Mbebe, kwenye milima ya Ileje, ambako mkewe Ferista analima kahawa na mahindi peke yake. Dereva aliyekaa siku mbili bila kusogea huanza kukiangalia kiti chake vizuri, na akishakiangalia vizuri humtafuta fundi.

Kazi hiyo ina sheria moja: kiti kinashuka foleni ikiwa imelala. Lori lisilosogea zamu yake ikifika, wa nyuma wanalipita bila huruma, na dereva anarudi kuanza mkiani. Kwa hiyo Gwakisa alijifunza kuisoma foleni kwa nguo. Ikilala kweli, madereva hufua, wakafunga kamba kutoka kioo cha lori moja hadi kioo cha jingine, na barabara nzima ikapeperusha mashati na taulo. Ikikaribia kuamka, wa mbele huwapigia simu wenzao na nguo zinaanuliwa. Hata akiziona nguo, Gwakisa hakuziamini mpaka atembee mwenyewe hadi kwenye kona ya sheli, aangalie, arudi. Ndipo anashika spana. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpotezea dereva nafasi yake, na kwa hilo jina lake lilijulikana mpaka Kitwe, ndani ya Zambia.

Sasa hayo macho. Muuguzi mmoja aliyapima miaka minne iliyopita, akasema mtoto wa jicho, pande zote mbili, nenda Mbeya wakufanyie upasuaji halafu upumzike nyumbani. Gwakisa alimwambia Ferista kwenye simu, "Nikimaliza kiti hiki, Mama Tumaini, nakuja." Kiti hicho kilikwisha. Kikaja kingine. Ferista akaacha kuuliza ni kiti gani.

Badala ya kwenda Mbeya akabuni mbinu. Cherehani akaiacha kwa kazi za ngozi, akawatangazia watu kwamba mshono wa mkono ni imara zaidi, jambo ambalo ni kweli, ila si sababu. Sababu ni kwamba sindano ya cherehani ilishamwingia kidoleni mara mbili. Mbinu yenyewe ni hii: saa sita, jua likiwa kali, hutoa ngozi nje na kutoboa matundu yote kwa msharasi, moja moja, pua ikikaribia kugusa kazi. Baada ya hapo hahitaji macho. Uzi unafuata matundu, na matundu anayasoma kwa ncha za vidole. Huo msharasi ana nao tangu ujana, mpini wake aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mkahawa wa shamba la baba yake. Haazimishi. Ferista aliwahi kuuomba atobolee ukanda wa kiatu, akanyimwa, na hilo halijasahaulika.

Jumanne moja asubuhi Hezron akasimama mbele ya banda. Hezron ni dereva wa miaka mingi, mtu wa Mbozi, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, na lori lake lilikuwa limekwama hatua ishirini kutoka hapo.

"Shikamoo, mzee Gwakisa."

"Marahaba. Hujambo, Hezron? Mgongo je?"

"Mgongo ndio umenileta, baba. Kiti kimechakaa, ngozi imepasuka ubavuni mpaka springi inanichoma. Safari hii nimekuja na ngozi yangu."

Akaikunjua mezani. Ilikuwa ngozi halisi ya ng'ombe, kahawia, laini, aliyoinunua ng'ambo na kuibeba nyuma ya kiti safari mbili akisubiri siku kama hii. Gwakisa aliipapasa akaijua bei yake bila kuambiwa. Akaijua pia hatari yake: ilitosha kiti kimoja tu, hakuna kipande cha akiba. Kitambaa ukikosea unafumua, unashona upya, hakuna anayejua. Ngozi ukiitoboa mahali pasipo pake, tundu linabaki hapo mpaka kiama.

"Foleni imelalaje?" akauliza Hezron.

Hapo ndipo Gwakisa alipotakiwa kuvaa viatu na kutembea hadi kwenye kona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kiuno kilikuwa kinawaka tangu alfajiri. Akaielekeza shingo upande wa mji wa mpakani, akaona rangi rangi zinapepea kule mbali, nyekundu, buluu, nyeupe, nyingi sana.

"Imelala fofofo," akasema. "Nguo zote ziko kambani. Lete spana."

Msimcheke. Aliziona nguo kweli.

Wakafungua nati nne, wakakishusha kiti, wakakibeba hadi bandani. Gwakisa akaufumua mfuniko wa zamani mshono kwa mshono na kuvitandaza vipande vyake juu ya ngozi mpya viwe kielelezo. Ngozi ya zamani hudanganya, maana imevutika kwa miaka ya kukaliwa, na fundi asiyejua akiifuata atashona kiti chenye makunyanzi. Gwakisa alikata ndani kidogo ya mstari, kwa mazoea, mkasi ukijua njia. Saa sita ilipofika alikuwa juani, msharasi mkononi, anatoboa. Sehemu ya kukalia akaimaliza. Ya kuegemea akafika nusu.

Ndipo injini ya kwanza ikanguruma kule mbele. Ikafuata ya pili. Kisha mlio ukaja ukiteremka barabarani, lori moja baada ya jingine.

Rozi, anayeuza chai jirani na banda, akapaza sauti. "Mzee Gwakisa! Foleni inatembea!"

"Haiwezekani. Nguo ziko juu."

"Nguo zipi?"

"Zile pale."

Rozi akaangalia alikoonyeshwa, akamwangalia yeye, akashusha sauti. "Zile ni mitumba, baba. Leo ni siku ya mnada."

Gwakisa akauweka msharasi chini. Hakuogopa kutukanwa. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba kabla ya jioni madereva wote kutoka hapo hadi mpakani watakuwa wanaambizana: yule mzee wa Mpemba haoni tena, ameshindwa kutofautisha nguo za madereva na mitumba ya mnadani, Hezron wa watu amerudishwa mkiani. Miaka ishirini na tisa ingefutwa na nguo za kununuliwa.

Nyuma ya lori la Hezron dereva Mzambia alishaanza kupiga honi. "Mudala! Tiyende!" Mzee, twende, kwa lugha ya kwao.

Hezron alikuja mbio. Hakuuliza kosa ni la nani. Alitazama lile fuvu la kiti, chuma na sponji, akatazama ngozi, akasema, "Rozi, niazime kreti mbili za soda."

Ndivyo Hezron alivyoendesha lori la tani thelathini akiwa amekalia kreti mbili zilizopangwa na mto juu yake, kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Na nyuma yake, kwenye kitanda cha dereva, Gwakisa alikuwa amekaa na kiti chote mapajani na miguuni, ngozi, uzi uliopakwa nta, sindano mbili na msharasi. Alipanda mwenyewe. Hakuombwa.

Sehemu ya kukalia aliishona haraka, kwa vidole, matundu yakiwa tayari. Lori likisogea hatua kumi anashona, likisimama anavuta uzi na kukaza. Walipoifikia sheli alikuwa ameivika na kuifunga. Ikabaki ile ya kuegemea, na nusu yake haina matundu.

Mle ndani pazia lilizuia jua. Akaisogeza ngozi karibu na uso, mbali na uso, upande. Ukingo ulikuwa ukungu. Aliona kahawia juu ya kahawia. Akainua msharasi akaushusha. Akauinua tena. Alichoka papo hapo, uchovu wa mifupa, uchovu wa kujifanya anaona mbele ya watu kwa miaka minne, na akatamani foleni isimame na dunia isimame nayo.

Akafumba macho.

Ukiyafumba, ukungu haukusumbui. Akaliweka dole gumba la kushoto juu ya tundu la mwisho alilotoboa juani, ukucha ukingoni, akapima upana wa ukucha, akachoma. Akahamisha dole, akapima, akachoma. Dole gumba la kulia lilikuwa limeganda kwenye mpini wa mkahawa, likauma, akaliacha liume. Nje watu walikuwa wakiuza ndizi na maji kwenye madirisha, bodaboda zikipita katikati ya malori, Mzambia wa nyuma akipiga honi kila gari lilipochelewa kusogea. Yeye alihesabu kucha. Kila akitaka kukanyaga breki Hezron aliita taratibu, "Breki, baba," na Gwakisa aliinua ncha ya msharasi hewani mpaka gari litulie.

Saa kumi na moja kasoro lori likafika kwenye geti la mpakani, mbele yao yakiwa yamebaki magari matatu. Wakakirudisha kiti mahali pake, Gwakisa akashika tochi ya simu na Hezron akakaza nati. Kisha Hezron akakaa. Akaegemea. Akajinyoosha, akaegemea tena, akafumba macho kidogo kama mtu aliyefika kwake.

"Kimekaa, mzee. Kimekaa barabara."

Gwakisa alipitisha mkono kwenye mshono wote, kuanzia begani mwa kiti hadi chini. Mahali pawili matundu yalikuwa yamebanana kuliko inavyotakiwa. Mengine yote yalikuwa yamenyooka. Hangeweza kumficha mtu huyu kitu tena.

"Hezron, nikwambie jambo. Mimi sioni. Asubuhi niliangalia mitumba nikakwambia ni nguo za madereva. Na upande huu wote nimeshona bila kuona."

"Najua, baba."

"Unajuaje?"

"Kioo cha ndani. Toka kwenye sheli ulikuwa umefumba macho. Mwanzo nilidhani umelala, nikawa naogopa kukuamsha. Kisha nikaona mikono inafanya kazi." Akageuka kumtazama. "Sijamwambia mtu, wala sitamwambia."

"Mwambie unayemtaka," Gwakisa akasema, na alishangaa jinsi lilivyomtoka kirahisi. "Nimechoka kulificha."

Gari moja likaruhusiwa. Yakabaki mawili. Hezron akapapasa ule mshono. "Sasa huu ukija kufumuka, nimpelekee nani?"

Gwakisa aliutazama msharasi, au tuseme aliutazama pale ulipokuwa mkononi mwake. Akauviringisha ndani ya kitambaa pamoja na bonge la uzi na sindano moja, akauweka juu ya dashibodi.

"Usimpelekee mtu. Fuata matundu, hayatazibika. Kila mahali nilipopita utapakuta."

"Mzee, huu si ule wako?"

"Ndio wenyewe. Wa mbele wameshapita. Nenda, wanakuita."

Alisimama pembeni ya barabara mpaka geti likashuka nyuma ya lori. Kisha akaanza kurudi kwa miguu akiipita foleni, ambayo ilikuwa imesimama tena. Dereva mmoja akamwita kutoka juu, "Fundi! Kiti changu lini?" Akamjibu, "Mimi sioni tena, mwanangu. Tafuta mwingine." Dereva akacheka akidhani ni utani. Gwakisa akaendelea na njia yake, kiuno kikiuma vilevile.

Alipofika penye bajaji akatoa simu, akabonyeza kitufe anachokijua kwa kidole.

"Baba Tumaini," Ferista akaitika. Nyuma yake kuku walikuwa wanagombana. "Umeshindaje?"

"Nimeshinda nikishona. Nimemaliza kiti."

"Haya." Sauti ya mtu aliyeshasikia hayo. "Na kesho ni kipi?"

"Kesho hakuna. Sina msharasi."

"Umeupoteza?"

"Nimemwachia mtu."

"Ule wa mkahawa?"

"Ule."

"Umempa mtu?"

"Nimempa dereva. Amevuka nao."



"Kwa hiyo safari hii unakuja kweli," Ferista akasema, na akaanza kulia.