Sikio la Fundi Ngosha

Mabatini kila gereji ina mtu anayejiita daktari wa injini, na wagonjwa wanaendelea kufa. Ngosha hakujiita chochote. Watu ndio waliomwita Sikio, maana alipanga taimingi, ule wakati wa plagi kutoa cheche, kwa kusikiliza tu, kichwa kimeinama kama padri anayeungamisha gari.

Tatizo, sikio lenyewe lilishakufa. La kulia lilitangulia, la kushoto likafuata kama mjane mwaminifu. Aliyejua ni mkewe, Justa, mwalimu wa kwaya kanisani Mirongo, na aligundua siku alipomtukana mumewe naye akatabasamu.

Ndipo akaja Owiti na Datsun yake ya michezo, nyekundu, milango miwili, kongwe kuliko ndoa zake zote. Distributa, kile kikombe kinachogawia kila plagi moto wake kwa zamu, ilikuwa imelegea. Ngosha aliitoa, akaitengeneza. Kuirudisha ndiko kwenye kazi.

"Mtaani wanasema sikio limezeeka," Owiti alimwambia. "Isipotulia leo, naivuta mpaka Buhongwa kwa vijana."

Ngosha alisoma midomo yake, akaguna. Gari hilo kuvutwa Buhongwa kungekuwa tangazo la msiba wake.

Mwanzo haukuhitaji masikio. Alichonga gunzi la mahindi, akaziba tundu la plagi ya kwanza, akazungusha injini kwa spana. Pistoni ilipopanda na upepo wake, gunzi liliruka likatua kwenye kikombe cha uji cha Justa, aliyekuwa ameketi kando. Akalinganisha alama ya puli, akaitumbukiza distributa, rota, kile kidole chake cha ndani, ikitazama waya namba moja. Bolti akaiacha legevu. Stata! Gari likawaka, likikohoa.

Kuanzia hapo ni kusikiliza. Ngosha alishika distributa, akamtazama mkewe.

Justa aliweka kikombe chini, akasimama mbele ya boneti, akainua mkono kama mbele ya sauti ya kwanza. Mkono ukipanda, Ngosha anasogeza mbele, ukishuka, anarudisha. Kikohozi kikapungua. Injini ikaanza kuimba.

Anyango, jirani yao, akapita na beseni la dagaa. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu!" Justa akampungia, mkono juu kabisa.

Ngosha akazungusha distributa mbele kabisa.

Paa! Ekzosi ilipiga kama bunduki. Dagaa zikamwagika. Owiti alikuwa amelala kifudifudi kwenye oili.

"Baba Queen! Nilikuwa nasalimiana!" Justa akamfokea mumewe.

Owiti akainuka, shati jeusi. "Mzee, kwani husikii?"

Mafundi wa jirani wote walikuwa wameshatoka kuchungulia. Ngosha alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sisikii. Mwaka wa pili sasa."

"Mimi nasikia," Justa akadakia. "Anyango, okota dagaa zako, na usimsalimie mtu. Washa, Baba Queen."

Mkono ukapanda tena, kidogo, ukashuka nusu, kisha akafumba ngumi, kama anavyoikata "Amina" ya mwisho wa wimbo. Ngosha akakaza bolti. Owiti akakanyaga mafuta: gari halikukohoa hata mara moja. Akakanyaga tena, sasa kwa raha tu.

"Haya, hili sikio ni la nani?"

"La nyumbani," akajibu Ngosha.

Siku hizi ukimpelekea taimingi Jumamosi atakurudisha, tena kwa majivuno. "Njoo Jumatatu. Sikio liko Mirongo, linafundisha sauti ya tatu."