Sabuni Kwenye Mnara wa Baraka

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu, yaani mkuu wa mafundi, alinipeleka chini ya mnara nyuma ya ofisi yetu ya Baraka, akaushika kwa mkono mmoja na kuniambia, "Dada, kitu ya kwanza ya kujua ni hii: panne yote iko ku Kilembwe. Hapa kwetu, hapana." Panne kwetu ni hitilafu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya umeme juzijuzi, mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika idara ile, na niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kana kwamba ni kanuni ya fizikia.

Ofisi yetu ilihudumia vituo vya afya vya milimani, Kilembwe kikiwa kimojawapo. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko, kwa hiyo tulizungumza kwa foni, yaani redio ya masafa marefu. Redio ilikaa mezani. Kebo nene kama kidole gumba ilitoka nyuma yake, ikapita dirishani na kuupanda mnara hadi kwenye antena. Vijana wa leo hudhani kazi yote hufanywa na antena. Antena hurusha kile tu ambacho kebo imeifikishia, na kebo ikiharibika, nguvu ya redio huishia njiani na kugeuka joto lisilomfaa mtu.

Shefu alikuwa mtu mwema na nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kila msimu wa mvua sauti ya Kilembwe ilififia, naye aliandika kwenye rejesta: "Kilembwe, panne." Baadaye niliiona rejesta ya Kilembwe. Muuguzi Mkuu wa kule alikuwa ameandika siku zilezile, kwa mwandiko mzuri zaidi: "Baraka, panne."

Asubuhi moja ya mvua, opereta wetu alikuwa amekwenda msibani Swima, nami nikakaa kwenye foni badala yake. Muuguzi Mkuu akaita. Sauti yake ilikuja kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa.

"Baraka, tunaomba mifuko mbili ya... mu. Ni haraka sana."

Nilisikia "ndimu". Nikamuuliza, "Ndimu, mifuko mbili?"

Naye, kumbe, alisikia "damu". Akajibu, "Ndiyo, njo ile, mama. Mifuko mbili. Haraka."

Nilimwarifu Shefu. Alikunja uso. "Ku Kilembwe ndimu haziko?"

"Labda mwaka huu hazikuzaa, Shefu."

Alikubali, maana lilikuwa jambo jingine la kuonyesha kwamba Kilembwe hakuna kinachokwenda sawa. Tulinunua mifuko miwili ya ndimu sokoni, tukamkabidhi Amisi, dereva wa pikipiki wa ofisi, na nikamsisitizia asisimame popote.

Amisi alirudi siku ya tatu, akatusimulia akiwa bado na matope hadi magotini. Alikuta mwanamke amejifungua na anatokwa na damu nyingi, mume wake amekaa mlangoni. "Muganga alifungua mufuko," Amisi alisema, akimaanisha Muuguzi Mkuu. "Akaangalia ndimu. Akaniangalia miye. Akaniuliza, 'We, damu yako iko groupe gani?'"

Amisi alikuwa na kadi yake, kundi la O. Waliipima damu yake, wakamlaza kitandani na kuitoa. Baada yake alitoa shemeji wa yule mwanamke. Mama alipona, na mtoto pia. Amisi alilazimishwa kupumzika siku nzima, akilishwa samaki, kuku na chai, vyote vikiwa na ndimu.

Alileta barua kwa Mkurugenzi. Ilikuwa na mistari mitatu: "Ndimu tumepokea. Ni nzuri. Mara ingine tunaomba damu."

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Sikulia kwa sababu ya kebo. Nililia kwa sababu niliuliza swali langu nikiwa tayari nina jibu, nikaridhika nilipolipata.

Nilipomaliza kulia nilikwenda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa ya kupima. Tulikuwa na kipimo cha wati, chombo kinachoonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena na ile inayorudishwa. Kilikuwa bado ndani ya katoni yake, na juu ya katoni Shefu aliweka thermosi ya chai.

"Mutapima nini hapa?" Shefu aliuliza. "Hapa hakuna panne."

"Kama hakuna, kipimo kitasema," Mkurugenzi alijibu, akaiondoa thermosi mwenyewe.

Kazi ya kutafuta nguvu iliyopotea ni kuigawa njia vipandevipande. Kwanza niliichomoa kebo na kuunga redio kwenye mzigo wa majaribio, kikopo kinachomeza nguvu yote mahali pa antena. Redio ilikuwa nzima. Kisha niliirudisha kebo kwenye redio, nikapanda mnara na kipimo na kile kikopo, nikaviunga huko juu, mwisho wa kebo. Shefu alipobonyeza kitufe chini, sindano ilipanda kidogo tu. Robo tatu ya nguvu ilikuwa inapotelea ndani ya kebo.

Nilipokuwa naitenganisha kebo na antena, nilikuwa nimeona kitu cheupe, chenye utelezi, kimejaa kwenye fiche, yaani kiungio. Sasa nilikinusa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza, na povu likaanza kunitiririka mkononi.

"Unaona nini?" Mkurugenzi aliita kutoka chini.

"Sabuni, Directeur."

"Sabuni ya nini?"

"Ya mawese. Ile ya kufulia."

Nilipotazama chini, Shefu alikuwa anazipanga upya kalamu zake.

"Ni miye," alisema mwishowe. "Nilionaka bashofere banaziba tundu ya réservoir ya mafuta na sabuni, na mazuti haitoke tena. Nikasema, kama inazuia mazuti, itazuia mvua."

Mkurugenzi alimgeukia. "Na ulifanya vile ku wapi tena?"

"Ku Lweba," Shefu alisema. "Na ku Kilembwe."

"Basi," Mkurugenzi alisema, "panne iko ku Kilembwe kweli."

Tuliikata ile kebo. Waya zake zilizosukwa zilikuwa nyeusi, na maji yalidondoka kutoka ndani. Tuliweka mpya, tukafunga viungio kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kabla ya dirisha tukaiacha kebo ining'inie kama tumbo, ili mvua idondoke pale badala ya kuingia ndani. Kilembwe, Shefu alikwenda mwenyewe, akaomba msamaha kwa familia ya yule mama, akapanda mnara na kisu, akaikwangua sabuni yake. Mvua iliyofuata, tulimsikia Muuguzi Mkuu hadi anapopumua.

Nilifanya kazi Lweba, kisha Swima, kisha nikarudi Baraka kama Shefu. Nimewafundisha wengi, na sijamcheka aliyenitangulia mbele yao. Aliomba utepe mara nyingi, hakuletewa. Sabuni ilikuwepo.

Siku yangu ya kustaafu, ofisi ilijaa. Muuguzi Mkuu mpya wa Kilembwe aliniaga kwa foni, akashukuru vizuri, halafu, kwa kuwa wote walikuwa wanasikiliza, akaomba magodoro kumi ya wodi ya wazazi. Mkurugenzi wetu wa sasa alichukua maikrofoni.

"Kilembwe, sikusikie muzuri. Mawimbi iko mubaya leo."

Sauti ikarudi, safi kama ya mtu aliyekaa nasi mezani: "Siye tunakusikia muzuri sana, Directeur. Mama Shefu iko hapo? Mumuulize kama mawimbi iko mubaya."

Watu wote walinigeukia. Mkurugenzi alinitazama kwa macho ya kuomba. Nilikuwa nimebakiwa na saa mbili za kazi.

"Mawimbi iko muzuri, Directeur," nikasema.

Magodoro yalipanda Kilembwe wiki ileile.