Mwaka wa corona tulimzuia baba kwenda kumzika mtani wake

Wakuu, poleni na mihangaiko ya kutwa. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, huwa nakaa pembeni nacheka na comments zenu.

Juzi kuna mdau aliandika kwamba mama yake hajawa yuleyule tangu kipindi cha corona. Hana ugonjwa unaoonekana, ila hataki stori wala watu. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora lipate uzi wake.

Ni mambo ya nyumbani kwetu na yalitokea kweli. Nimebadilisha majina tu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kwanza mnifahamu kidogo. Nina miaka arobaini na kitu, elimu yangu ni kidato cha nne, na sijawahi kutulia sehemu moja. Nimevua samaki Mtera, nimeuza mitumba Tunduma, nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, baadaye nikawa utingo wa malori ya masafa. Popote nilipofika, nikilala tu nawaza nyumbani. Nikifika nyumbani, wiki haiishi nawaza barabara. Ndivyo nilivyo.

Nyumbani ni kijiji kimoja upande wa Mtera, ukitoka Dodoma unafuata barabara ya Iringa. Sisi ni Wagogo, wakulima wa uwele na karanga, na ng'ombe wachache.

Baba, ambaye hapa nitamwita Mzee Makasi, alikuwa na mtani wake anaitwa Mzee Ndahani. Hapa naomba nieleze kidogo kwa wale wasiojua.

Utani wa kabila kwa kabila mnaufahamu wote. Sisi tunao pia wa ukoo kwa ukoo. Ukoo wa baba na ukoo wa Ndahani ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua kuku wako akamla na wewe ukacheka.

Kazi kubwa ya mtani ni msibani. Watu wakilia, yeye anachekesha. Anavaa koti la marehemu, anaiga alivyotembea, alivyokohoa, alivyoomba ugoro. Kabla ya kuzika anaingia kaburini analala, anasema hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Kwetu, mtu akizikwa bila mtani kufanya vituko, ni kama hakuwa na kwao.

Sasa hawa wazee wawili miji yao inatazamana, katikati kuna njia ya ng'ombe tu. Tangu nipo mdogo, siku ilianza kwa matusi. Baba akitoka nje alfajiri utasikia kutoka ng'ambo, "Makasi, bado upo? Mimi nimeshaamka kuchimba shimo lako." Na baba, "Chimba refu, utaingia wewe kwanza."

Halafu wanaenda kuchunga pamoja.

Mama yetu alipofariki, miaka mingi kabla ya corona, nilimwona Ndahani amejifunga kanga ya mama anamgombeza baba kwa sauti ya mama kabisa. Nilikuwa kijana, nilikasirika. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani ndicho kitu kilichomfanya ale chakula siku ile.

Basi, corona ikaingia.

Kaka yangu mkubwa, Yohana, ni mtumishi wa serikali, ana nyumba Area D, Dodoma mjini. Shule zilipofungwa tu akawasha gari akaenda kumchukua baba. Hoja yake ilikuwa nzuri. Kila siku tunasikia kwamba huu ugonjwa unawaonea wazee, na kijijini zahanati iko mbali. Hakuna aliyepinga.

Nami nilikuwa nimekwama. Mpakani malori yamepanga foleni, madereva wanapimwa, tajiri mwenye lori akasema turudi majumbani atatuita. Nikafikia kwa kaka. Mchana nilikuwa naenda soko la Majengo kushusha magunia ya karanga nipate ya sabuni, jioni narudi nalala chumba kimoja na baba.

Kabla ya kuingia chumbani ilibidi nioge nje na kubadili nguo. Sheria ya shemeji.

Pale nyumbani palikuwa na sheria nyingi. Getini ndoo ya koki na sabuni. Wajukuu wanamsalimia babu kutoka mlangoni, "Shikamoo babu," wanakimbia. Zamani alikuwa anawawekea mkono kichwani kila mmoja. Chakula anawekewa kwenye stuli yake peke yake. Jioni anafunikwa blanketi ajifukize majani ya mwarobaini na michaichai, anatoka anatiririka jasho kama aliyekimbizwa na nyuki.

Yote yalifanywa kwa upendo. Shemeji yangu hakuwahi kumnunia baba hata siku moja.

Na mwanzoni mzee alikuwa sawa. Sababu ilikuwa simu. Ndahani alikuwa anaazima simu ya mtoto wake, anapiga asubuhi, baba anaweka sauti kubwa nyumba nzima inasikia.

"Makasi, wamekufungia bandani wanakunenepesha? Watakuuza lini mnadani?"

"Mimi angalau nanenepa. Wewe hata fisi akikuona anapita."

"Rudi huku uchunge, ng'ombe zako zinaniita mimi baba."

Shemeji akisikia anatikisa kichwa anaingia jikoni kucheka.

Siku moja simu haikupigwa. Kesho yake akapiga mtoto wa Ndahani, akampigia kaka na siyo baba. Mzee Ndahani amefariki. Kifua kilimbana, hakufika hospitali. Ilikuwa corona au siyo corona, hakuna aliyetuambia na hatukuuliza.

Kaka alimwambia baba pale barazani, kwa adabu zote. Baba alisema neno moja.

"Kaniwahi."

Kisha akauliza, "Tunaondoka saa ngapi?"

Kaka akamwambia, "Baba, hatuendi. Hali yenyewe unaiona. Tumetuma rambirambi, na tutakwenda mambo yakitulia."

Baba akasema sawa. Ndiyo, sawa tu. Sisi tukashukuru kwamba mzee ni mwelewa.

Wakuu, ile sawa ndiyo ilikuwa ya kuogopa.

Kuanzia hapo alianza kupungua. Sina neno lingine. Stuli ya chakula inarudi jinsi ilivyokwenda. Anaamka anakaa kitandani anatazama ukuta, ukimsalimia anaitika baadaye, kama salamu imetoka mbali. Redio aliyokuwa anaipenda akasema inampigia kelele. Nikirudi Majengo, zamani lazima angeniuliza kama leo nimefukuzwa au nimeacha kazi mwenyewe. Sasa hata hakuuliza nimetoka wapi.

Shemeji akasema ni uzee. Dada yetu wa Morogoro akasema kwenye simu kwamba kuna mkono wa mtu. Kaka akampeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri, mapafu safi. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, akauliza mzee huwa anaongea na nani. Kaka akajibu anaongea na sisi. Daktari akasema hii inaweza kuwa sonona, wazee wengi wanaipata kipindi hiki kwa kufiwa na kufungiwa. Akampa dawa za kumsaidia usingizi na tarehe ya kurudi, akasema tusimwache akae peke yake.

Tukajitahidi kukaa naye. Lakini tulikuwa tunakaa tu, wote tumenyamaza, kama abiria wanaosubiri basi.

Alikonda hadi mkanda ukawa hauna tundu la kufungia. Mimi nikaanza kuamini kwamba tutamzika bila kuumwa.

Sasa siku hiyo, ilikuwa Jumapili mchana, wengine wameenda kanisani, mimi namnyoa ndevu pale uani. Wembe uko shavuni, akaongea bila mimi kumuuliza kitu.

"Kule kwa Ndahani, nani alilala kaburini?"

Nikamwambia ukweli kama nilivyousikia. Hakuna, baba. Watu walikuwa wachache, walizika haraka, watani wengine waliogopa kuja.

Nikamaliza shavu moja nikahamia la pili.

Akasema, "Basi wamemzika kama mpita njia. Na mimi niko hapa nakunywa maziwa."

Mimi ni mtu wa barabarani, nimezika wenzangu wawili watatu ugenini, nikiwa peke yangu na dereva. Ile kauli niliielewa haraka kuliko kaka ambaye hajawahi kulala nje ya utaratibu. Huyu mzee hakuwa na uzee wala mkono wa mtu. Alikuwa na kazi ambayo hakuifanya.

Jioni nikamweka kaka chini. Tulibishana kidogo, kwa sauti za chini.

"Nikimpeleka akaugua, utanisaidia kumjibu nani?" kaka akaniuliza.

Nikamwambia, "Kaka, na akiishia hapa kitandani utamjibu nani?"

Alizima taa ya baraza akaingia ndani. Asubuhi nikamkuta anapima upepo wa matairi.

Kipindi hicho hofu ilikuwa imeanza kushuka, ila kaka alikuwa na masharti yake. Barakoa muda wote, tunakaa nje, hakuna kushikana mikono, na tunarudi siku hiyohiyo. Tunakwenda kuhani, basi.

Njia nzima baba alitazama dirishani. Tulipofika sehemu bwawa la Mtera linapoonekana, ile harufu ya samaki wa kukaushwa ikaingia kwenye gari. Mimi nikakumbuka ujana wangu wa kuvua pale. Yeye alitazama nje kama anatazama ule ukuta wa chumbani. Nikaanza kuogopa kwamba tumechelewa.

Nyumbani kwa Ndahani walikuwa wanatusubiri nje. Mjane, watoto wake, na dada yake marehemu, Bibi Nyendo. Huyu bibi ni wa ukoo ule, kwa hiyo naye ni mtani wa baba kihalali. Ana mdomo, jamani.

Baba alishuka taratibu, barakoa imemfunika mpaka machoni. Kaka akatangulia na pole zake za kiofisi. Bibi Nyendo hata hakumsikiliza. Alimtazama baba juu mpaka chini.

"Mbukwenyi," akasalimia, halafu akatugeukia sisi. "Mbona mmemfunga mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa? Ameanza kunyonya ng'ombe za watu huko mjini?"

Akaendelea. "Na mbona amekonda? Tulijua msiba ni wa Ndahani, kumbe mnaleta na wa pili. Semeni basi tuchimbe makaburi yote pamoja."

Kaka alishtuka kweli, akafungua mdomo aombe radhi sijui kwa niaba ya nani. Nikamshika mkono.

Baba aliuliza, "Yuko wapi?"

Kaburi liko pembeni ya zizi, msalaba wa mbao, udongo umeshakauka. Baba akalizunguka. Akavua koti lake, akalitandika, na yule mzee aliyekuwa hawezi kumaliza kikombe cha uji akalala chali sambamba na kaburi, mikono kifuani.

"Sitoki hapa," akasema, "mpaka nipewe jogoo. Huyu aliniambia atachimba shimo langu, naona ameingia yeye. Nataka fidia."

Bibi Nyendo akapokea hapohapo. "Lala, lala. Umetupunguzia kazi ya kukubeba."

Mjane ndiye aliyeanza kucheka. Kisha watoto. Baba akainuka, akachukua fimbo ya marehemu iliyokuwa imeegemezwa zizini, akatembea kama Ndahani, ule mguu wa kushoto ukiburuta, akakohoa kikohozi chake, akaomba ugoro kwa sauti yake kabisa. Ilikuwa kama Ndahani mwenyewe kapita pale.

Mjane alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Na baba akakaa chini kwenye udongo, fimbo mapajani, akalia. Alilia kama mtoto, muda mrefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Barakoa ilishaanguka kitambo. Kaka aliiona, akaiacha.

Alipomaliza akaomba maji. Akaletewa na ugali wa uwele na mlenda. Akala. Hakumaliza, ila alikula, na jogoo tukarudi naye Area D amefungwa miguu anatuchafulia gari la kaka.

Sitawadanganya kwamba alipona siku ile. Kuna asubuhi bado alitazama ukuta, na dawa aliendelea nazo hadi daktari aliposema ziishe. Lakini Bibi Nyendo alichukua kazi ya kaka yake. Kila asubuhi simu inaita, "Nipeni huyo ndama." Na polepole tukaanza kusikia baba akijibu.

Mambo yalipotulia tulimrudisha kijijini, na yupo hadi leo. Bibi Nyendo anasimama ng'ambo ya njia ya ng'ombe anamtukana. Asipojibiwa mpaka mifugo inatoka, anavuka mwenyewe kwenda kuangalia.

Nilichojifunza mimi na elimu yangu ndogo ni hiki. Kumkinga mzee na ugonjwa ni sahihi, kaka yangu hakukosea kuogopa, na hospitali mpelekeni. Lakini mzee ana watu wake na kazi zake ambazo sisi watoto hatuwezi kuzijaza kwa maziwa na blanketi. Ukimwondoa kwenye hizo, jua umemwondolea nini, halafu tafuta namna ya kumrudishia.

Mimi niko njiani tena, naandika hii nikiwa Tunduma nasubiri mzigo. Zamani nikipiga simu nyumbani nilikuwa nauliza, "Baba, umekula?" Anajibu ndiyo hata kama hajala.

Siku hizi nauliza, "Baba, leo nani kakutukana?" Akianza kueleza, najua amekula.

Uwanja ni wenu, wakuu. Waliokuwa na wazee ndani kipindi kile, wenu walipitaje? Na wewe mdau wa juzi, hebu rudi utuambie, mama yako kabla ya corona alikuwa anakaa na nani jioni?