Mkono Mmoja

Vitabu vingi vya bustani nilivyosoma, vya nchi za baridi, vinasema vuli ikiingia weka jembe ndani. Hapa Bawshar, ukingoni mwa jangwa, ndipo ninapolitoa. Joto limekwisha kuunguza majani ya uwanjani, chumvi ya maji ya kisima imepanda juu ya udongo kama unga, na wiki za kazi ni chache. Hukata majani ya zamani mpaka karibu na ardhi, nikakwangua makavu kwa reki, nikamwaga maji mengi ya bomba ili chumvi ishuke, ndipo nikatia samadi na mbegu za majani ya baridi, yaani nyasi za msimu huo. Yote huyaandika daftarini pamoja na vipimo vyake.

Mwaka ule kulikuwa na jambo moja zaidi: mwasumini wa mama, kichaka cha maua meupe cha pale ukutani.

Mama alianguka jikoni mwanzo wa kiangazi, akavunjika mkono wa kulia, na tangu hapo alikuwa kwa dada yangu anayekaa Al Amerat. Dada alitaka abaki kule moja kwa moja. Mimi nilitaka arudi. Hatukugombana, tulipigiana simu kwa upole uliozidi kiasi. Tukakubaliana kwamba plasta ikitolewa na hewa ikipoa, mama aje Bawshar kwa siku moja, aitazame nyumba, kisha aseme mwenyewe atakaa wapi.

Kuhusu mwasumini alinipa agizo kwa simu: ukatwe, ubaki mkono mmoja. Nikaandika hivyo hivyo. Nikanakili orodha nzima, nikaibandika kwenye mlango wa stoo kwa ajili ya mtunza bustani, Mkenya wa rika langu anayehudumia nyumba kadhaa za mtaa wetu, nikaenda kazini Khuwair.

Niliporudi alasiri uwanja ulikuwa umekatwa vizuri sana. Ukutani, mahali palipokuwa na kichaka cha kunifika kifuani, palikuwa na visiki kumi na kimoja, vifupi, vyote sawa.

Nikamuuliza mtunza bustani huu ni mkono gani.

"Si huu hapa, bosi?" Akausimamisha mkono wake juu ya udongo kando ya kisiki, na ncha ya kidole cha kati ikalingana sawasawa na mkato. "Nimepima moja moja. Nilishangaa, lakini wewe ni mtu wa kuandika. Ukiandika, umeandika."

Nyumbani kwetu mkono ni kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ndivyo mama alivyopima vitambaa vya mapazia maisha yake yote. Mtunza bustani aliona mkono ni kiganja na vidole, basi. Sikuwa na la kumlaumu. Mimi ninayeandika kina cha mbegu ya nyanya kwa sentimita, kipimo hicho kimoja nilikiacha kwa lugha ya mama, nikadhani ni lugha ya kila mtu.

Zilibaki wiki tano kabla ya mama kuja. Usiku ukianza kupoa mwasumini hulala, na kisiki kisichochipua kabla ya hapo huenda kisichipue tena. Kila asubuhi kabla ya kazi niliinama na miwani. Nilikwaruza magome kwa ukucha: visiki sita vilikuwa kijani ndani, vitano kahawia. Nilitaka kutia mbolea. Mtunza bustani akaushika mfuko.

"Mti hauna jani hata moja," akasema. "Utakula na nini? Utauchoma tu."

Siku ya saba majani ya baridi yaliota uwanjani, membamba kama nywele za mtoto mchanga. Mwaka mwingine ningefurahi.

Dada alipita kuchukua shali ya mama. Alisimama dirishani, akitazama visiki vya ukutani.

"Kaka, mti umekushinda," akasema. "Mtu utamuweza?"

Nilimwomba asimwambie mama. Hakuahidi.

Siku ya kumi na sita niliona kwenye kisiki cha tatu kivimbe chekundu, kama kichwa cha pini. Nikamwita mtunza bustani aje akione, nisije nikajidanganya. Alichuchumaa, akasema ni chipukizi hasa. Baada ya hapo vikaja vingine, lakini asubuhi zilikuwa zimeanza baridi, na nilipima kila siku bila kupata tofauti ya maana.

Mama alifika Ijumaa baada ya sala, dada akiendesha. Hakuingia ndani. Alipita uwanjani polepole mpaka ukutani, akatazama, akauliza nani kakata hivi. Nikamwambia kosa ni la maandishi yangu, nikamweleza lilivyotokea. Hakucheka. Aliomba kigoda, akaketi, akainama, akaegemeza kiwiko cha mkono uliopona kwenye udongo, karibu na chipukizi refu kuliko yote. Mkono ulikuwa umekonda na vidole havikunyooka vyema. Chipukizi lilifika kwenye kifundo, pale anapovaa bangili.

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na funguo za gari.

"Bado hujatimia mkono," mama akasema. "Ntausubiri hapahapa."

Dada akamuuliza, kwa sauti ya chini, na dawa zake je.

"Zimo garini," akasema mama. "Nlizitia zote mkobani asubuhi."