Sentimita Kumi na Moja za Maji

Nilishuka kwenye lori kwa mguu mmoja. Wa pili ulikuwa umechanwa na bati njiani. Mji sikuujua. Dereva alinionyesha kwa kidole: zahanati ile pale, mkabala na matangi ya mafuta. Matangi sita meupe, yamepakwa rangi juzijuzi. Zahanati haikuwa na dirisha hata moja lenye kioo.

"Ganzi hatuna," muuguzi aliniambia, akichovya uzi kwenye spiriti. "Ng'ata mkanda wako, kaka. Ukipiga kelele utanikimbizia foleni."

Alikuwa kwenye mshono wa tatu shangazi yake alipoingia, mikono ikinuka mafuta ghafi. Mji mzima unamwita Mama Timazi. Miaka kumi na tisa amekuwa mpimaji wa serikali: kabla meli haijapakia, anapanda ngazi ya tangi na kushusha utepe wenye timazi la shaba la kuuzamisha, umepakwa dawa inayogeuka nyekundu ikigusa maji. Maji hukaa chini ya mafuta, na hayatozwi mrabaha, fungu la serikali kwa kila pipa. Kila sentimita ya maji ya uongo ni mafuta yanayotoka bure.

Nyuma yake akaingia meneja wa matangi, kijana wa viatu safi, na fomu mkononi.

"Mama, saini tu. Maji, sentimita tisini."

"Tisini?" Akaukunjua utepe mbele yetu. Wekundu uliishia kumi na moja. "Haya, nisomee. Shule si ulikwenda?"

"Tukibanwa sana, mama, mwekezaji atahama."

Wimbo huo nimeusikia kwa lugha nne. Sijaona bado kisima cha mafuta kilichofunga virago.

"Ahame na mafuta mfukoni?" alifoka. "Kodi mmesamehewa miaka kumi, nikanyamaza, wakubwa walikubaliana. Kilichobaki ni mrabaha, na mrabaha ndio ganzi ya huyu mgeni! Huo nao mnaugeuza maji?"

Meneja alishusha sauti. Barua ya kumhamisha mama iko garini, wakubwa wake serikalini wameshaisaini. Akiandika tisini, itachanwa. Atabaki na nyumba yake na huyu binti wa kaka yake aliyemlea. Asipoandika, gari linaondoka naye sasa hivi.

Mama Timazi aliipokea kalamu kama anayenyang'anya kisu. Akaandika kumi na moja, kwa tarakimu na kwa maneno, akibonyeza hadi karatasi ikatoboka. Nakala ya chini akaichomoa, akaibandika ukutani juu ya orodha ya dawa zilizokwisha.

"Wakiibandua, uliza nani kaibandua. Kwa sauti."

"Shangazi, nguo zako?"

"Utanitumia. Wewe shona, mwanangu. Unamtesa mtu wa watu."

Akatoka. Mlango wa gari ulibamizwa, likaondoka naye, vumbi likaingia hadi kitandani. Meneja alikuwa ameshaondoka kutafuta fomu nyingine na mtu mwingine wa kuisaini. Muuguzi alijipangusa macho kwa kiwiko.

"Bado miwili," alisema.

Nikaurudisha mkanda mdomoni.