Ngazi Saba za Mjomba

Mjomba wangu anachonga marimba, na hapendi kufundishwa kazi. Kwa hiyo mwalimu wa muziki alipokuja kuchukua marimba ya shule, akaipima kwa simu na kusema vibao vitatu vina kasoro, nilisogeza patasi mbali na mkono wa mjomba.

"Simu inasema sauti zake ziko chini kidogo, fundi."

"Na simu imejifunza kwa nani?"

Mwalimu, mtu mpole, akaeleza kwamba kwenye kinanda cha shule sauti saba hupanda kwa hatua zisizolingana, nyingine ndefu, nyingine fupi. Mjomba akacheka mpaka vumbi la mbao likamtoka ndevuni. Hatua zake saba zote zinalingana, na alizipata kwa baba yake, kwa sikio tu.

"Ngazi gani hiyo, mwalimu? Si mtu atajikwaa!"

Lakini mteja ni mteja. Alikwangua ncha za vile vibao vitatu, huku akinung'unika, hadi simu ikaridhika. Kisha akaijaribu marimba kwa wimbo ambao mke wake huuitikia kila siku kutoka jikoni.

Jikoni kukawa kimya. Baadaye mke wake akachungulia mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba watoto, unaumwa?"

Mwalimu akarudisha simu mfukoni.

"Hii naipeleka shule, fundi," alisema. "Nichongee nyingine ya kwangu, na mama ndiye aipime."